Panya Wageni na Ukuta wa Jiko

Siku mliyoniaga, ninyi vijana wa maabara mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki, halafu mkaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kutunza panya. Kitenge nimekishona. Saa inatangulia robo saa, ingawa sasa sina pa kuchelewa. Yaliyobaki ni hayo machache. Vyeo sitavitaja, maana nilianza kazi nikiwa mhudumu wa wanyama na nikamaliza nikiwa mhudumu mwandamizi wa wanyama, na panya wenyewe hawakuwahi kuona tofauti.

Nilianza miaka ile maduka ya Lushoto yalipoanza tena kuwa na sabuni. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimeteremka kutoka kijiji cha juu ya Soni nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya mitumba vilivyonizidi. Maabara yetu ilikuwa nyumba moja ya matofali nyuma ya wodi ya hospitali. Mbele palikuwa na chumba cha darubini. Nyuma palikuwa na chumba cha panya, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio huo huo ukuta wa jiko la wagonjwa, ambako Mama Pauli alipika uji, ugali na maharage tangu asubuhi mpaka jioni. Huyo Mama Pauli alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya, na nyimbo zake zilipita ukutani pamoja na harufu ya vitunguu. Nikawa Mwislamu pekee wa ukoo wetu anayejua tenzi za kanisani beti zote.

Aliyenipokea ni Bwana Singano, mtafiti wetu, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaninyooshea kidole.

"Usiguse kitu. Simama hapo mlangoni, unuse."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Harufu ya panya."

"Hiyo hata mimi naisikia. Nini kingine?"

Nikavuta tena pumzi. "Kama mkojo uliokaa."

"Upande gani?"

Nikaonyesha kizimba cha chini kabisa, pembeni. Akainama, akafungua. Chupa ya maji ilikuwa inavuja, na maranda ya kulalia yamelowa chapachapa. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Haya, umeajiriwa," akasema, ingawa barua ya ajira nilikuwa nayo mkononi tangu juzi yake.

Vizimba vyetu vilikuwa vya madebe ya mafuta, fundi wa mjini ameyakata na kuyafunika kwa wavu. Maranda tulichukua kwa maseremala, penseli ilifungwa kamba kwenye msumari ili isitembee, na darubini ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa dirishani, kwa hiyo ukungu wa Lushoto ukishuka, sayansi inasimama. Wiki ya kwanza panya aling'ata kidole changu mpaka akaning'inia. Bwana Singano alinipa pamba yenye spiriti na swali.

"Panya akikung'ata, kosa ni la nani?"

"La panya," nikasema, maana kidole kilikuwa kinauma.

"Panya hana kosa hata siku moja. Kosa ni la mtu aliyekuwa na mkono juu yake." Akanionyesha namna ya kumshika kwenye shina la mkia, taratibu, na kumwachia miguu ya mbele ishike kitu ili asiogope. Sijang'atwa tena zaidi ya mara nne.

Tulikuwa tunafuatilia homa ya papasi. Siku hizi mnaisoma kwenye vitabu, lakini sisi ilikuwa inatujia kwa miguu. Papasi ni jamii ya kupe, anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kunyonya watu waliolala. Mtu anashikwa na homa kali, inashuka, anamshukuru Mungu, halafu baada ya siku chache inarudi. Kwenye darubini utaviona vidudu vimejisokota kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Ulaya na Amerika, Bwana Singano alinieleza, wana vidudu vya ukoo huo huo, vinaenezwa na kupe wa porini na kuleta ugonjwa unaoitwa Lyme, unaovimbisha viungo vya watu na kuwasumbua miaka. "Ni binamu," alisema. "Wa kwao anaumiza magoti. Wa kwetu anaua watoto tumboni."

Hilo la watoto tumboni halikuwa maneno tu. Mwaka wangu wa pili walikuja wake wenza wawili kutoka kijiji cha bondeni, wote wajawazito, wote wanalala kwenye mkeka mmoja kwa sababu nyumba ilikuwa inajengwa upya. Wote walikuwa na vidudu kwenye damu. Wote walichomwa sindano. Mmoja homa ikamtoka, akarudi nyumbani na mimba yake. Mwenzake alipoteza mtoto siku ya tatu. Nakumbuka yule aliyepona alikuwa anaona haya kuliko aliyefiwa, anajifunika tumbo kwa kanga kila mwenzake akigeuka. Bwana Singano alisimama mlangoni mwa wodi kwa muda, kisha akarudi maabara akaniambia, "Zaina, mkeka mmoja, papasi wale wale. Kwa nini huyu na si yule? Nikijua hilo, nitakuwa nimefanya kazi."

Ndiyo maana ya panya. Huwezi kumchoma binadamu vidudu ili uone kama damu yake ina nguvu. Panya unamchoma tone dogo, kisha kila asubuhi unachukua damu kidogo kwenye ncha ya mkia, unaipaka kwenye kioo na kuhesabu. Mimi nilishika, yeye alihesabu. Baadaye alinifundisha kuhesabu pia, na tukawa tunahesabu kila mmoja peke yake na kulinganisha, yeye akiwa mtafiti na mimi nikiwa mtu wa cheti cha kidato cha nne, na tukitofautiana tulirudia wote wawili. Hakuwahi hata mara moja kusema hesabu yake ndiyo sahihi.

Wakati huo nchi ilikuwa inafunguliwa. Zamani pumba za panya zilikuja kwa kibali kutoka kinu cha serikali. Sasa nikaambiwa nikanunue sokoni kama watu wengine. Soko huria lilikuwa na kila kitu, na pumba zake zilikuwa na kila kitu pia: mchanga, maganda ya mpunga, siku moja kifungo. Nikajifunza kuzichekecha na kuzichanganya na dagaa waliotwangwa. Machungwa ya Muheza yalijaa barabarani, redio zikalia kila duka, na sisi wa serikali tukaanza kusikia neno "kupunguzwa". Kila ofisi ilikuwa na orodha yake, na kila mtu aliota jina lake limo. Mhudumu wa panya, niwaambie, haoti, ana uhakika.

Ndipo walipokuja weusi. Rafiki yake Bwana Singano aliyekuwa akichunguza Lyme ng'ambo alimtumia panya wa aina ya pekee, weusi tii. Huko kwao, panya hawa wakiambukizwa Lyme miguu haivimbi sana, lakini aina nyingine huvimba mpaka wanachechemea. Bwana Singano alitaka kuona kama weusi wangehimili pia homa yetu ya papasi, kuliko weupe wetu wa siku zote. Kama wangehimili, tungejua kwamba nguvu ile ni ya kuzaliwa nayo, na wafadhili wangeendelea kutuweka. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa ameahidiwa nafasi ya kwenda kusoma shahada ya juu, kwa sharti la matokeo hayo. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Nafasi nyingine isingekuja.

Walifika mwezi wa baridi. Nilipofungua sanduku walikuwa wamejikunja pamoja, wanatetemeka, wananitazama kwa macho kama shanga. Bwana Singano aliniambia, "Watenganishe na weupe, wasichanganyike," akakimbilia kikao.

Sasa nieleweni. Kwetu milimani mgeni akiingia wakati wa baridi, wenyeji wanasogea, na kigoda cha karibu na moto ni chake. Hakuna anayemuuliza kama anasikia baridi. Bibi yangu alimwinua babu katikati ya kula kwa ajili ya mgeni aliyekuja tu kuuliza njia. Basi nikaangalia chumba. Upande wa dirisha palikuwa na baridi. Upande wa jiko la Mama Pauli matofali yalikuwa na joto tamu kuanzia asubuhi. Hawa wametoka ng'ambo kwa ndege, wakapanda basi, wamefika Lushoto ukungu umeshuka. Nikawahamishia weupe wote dirishani, na wageni nikawapanga kwenye ukuta wa jiko. Kweli niliona nimefanya kazi nzuri. Hata sikufikiri kuwa ni jambo la kuandika.

Weusi wakatenda maajabu. Weupe walijaa vidudu, homa ikawarudia mara mbili, mara tatu, manyoya yakawasimama. Weusi waliugua kidogo wakainuka. Tulirudia, ikawa vile vile. Bwana Singano, mtu ambaye furaha yake ilikuwa kupangusa lenzi, alianza kupiga mluzi. Ripoti ikachapwa kwa mashine, ikapigwa muhuri, ikatumwa. Mke wake akaanza kumtafutia sweta za mitumba za nchi za baridi.

Halafu jiko likafungwa. Ilikuwa sehemu ya mambo mapya: kila mgonjwa aletewe chakula na watu wake. Mama Pauli alitoka na sufuria yake kubwa kichwani, akiimba, lakini sauti ilikuwa imekauka. Nililia nikimsaidia kubeba mwiko.

Kundi la weusi lililofuata liliugua kama weupe. Bwana Singano alidhani amekosea kipimo cha sindano. Akarudia, wakaugua. Akadhani vidudu vimebadilika. Alihesabu mpaka macho yakawa mekundu, akaacha kupiga mluzi. Siku moja nikiwa nabadilisha maranda nilijiegemeza ukutani kama nilivyozoea, nikashtuka. Ukuta ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikabaki nimebandika kiganja pale. Nilielewa yote mara moja.

Nilifikiri kunyamaza, sitawaficha. Nikisema, yeye anapoteza masomo na mimi najiandika mwenyewe kwenye orodha ya kupunguzwa. Nikinyamaza, ripoti iko ng'ambo tayari na nani atakayeweka mkono kwenye ukuta wa Lushoto? Nikaenda sokoni kwa Mama Pauli, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuuza chai na maandazi chini ya turubai. Nilimweleza. Alinisikiliza huku anageuza maandazi.

"Onga mshi, mwanangu, ndivyo tunavyosalimiana, na wewe hukunisalimia hata. Ndiyo maana najua una jambo zito," akasema. "Sasa mimi sijui panya. Ila yule mama aliyepoteza mtoto nilimpikia uji mimi. Yeye angetaka jibu gani, la kweli au la ukuta wangu?"

Sikunywa hata chai. Nilirudi na kumkuta Bwana Singano kwenye darubini.

"Naomba uje chumba cha panya," nikasema.

Akaja.

"Weka mkono hapa."

Akaweka. "Baridi," akasema.

"Tangu Mama Pauli aondoke. Kabla ya hapo ungeweza kukausha soksi."

Niliona macho yake yakienda kwenye vizimba vya weusi, kisha dirishani kwa weupe, kisha yakarudi ukutani.

"Nani aliwaweka hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini, Zaina?"

"Walikuwa wageni."

Alikaa juu ya gunia la pumba. Nilisubiri anifokee, na naamini ingenipa nafuu. Alibaki ameshika magoti yake, muda wa kutosha panya mmoja kunywa maji, kujisafisha uso na kulala.

"Walikuwa wageni," akarudia polepole. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikafikiri ndiyo mwanzo wa kuambiwa ninyamaze.

"Mama Pauli."

"Basi wilaya nzima inajua," akasema, akainuka. "Lete daftari. Andika kwa mkono wako, kila kizimba kilikaa wapi, tangu siku ya kwanza. Usipunguze, usiongeze."

Nikaandika huku machozi yanadondoka kwenye kurasa. Yeye alikuwa upande wa pili wa meza akiandika barua, na kila nilipoinua macho kalamu yake ilikuwa inatembea tu. Jioni hiyo hiyo aliipeleka posta mwenyewe.

Tukaanza upya. Nusu ya weusi ukutani, nusu dirishani. Nusu ya weupe ukutani, nusu dirishani. Na kila kizimba kina namba ya mahali pake. Tatizo likawa moto. Bwana Singano akaenda kuomba ruhusa, na Mama Pauli akarudi kwenye jiko lake la zamani kukaanga maandazi yake ya sokoni wiki zote za jaribio, ili ukuta upate joto. Alituimbia pia. Nadhani ndio utafiti pekee uliowahi kunukia iliki.

Jibu lilikuja, na lilikuwa la kawaida, kama majibu mengi ya kweli. Panya wa joto waliugua kidogo, weusi kwa weupe. Panya wa baridi waliugua sana, weusi kwa weupe. Ukilinganisha walio mahali pamoja, weusi walikuwa na nafuu kidogo ya kuzaliwa nayo. Nafuu kubwa tuliyoitangazia dunia ilikuwa ya kuni za Mama Pauli. Wafadhili walituandikia kwa heshima, wakatuachia kazi ndogo ya kuendelea. Nafasi ya masomo ilikwenda kwa mtu mwingine, wa nchi nyingine. Bwana Singano alizivaa zile sweta Lushoto, mwezi wa saba, na hakuwahi kuzisemea neno.

Orodha ya kupunguzwa ilipotoka, jina langu halikuwamo. Nilishangaa, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kazi miaka yote mliyonikuta nayo. Bwana Singano alifika umri wa kustaafu akarudi kwao Kwai kufuga ng'ombe wa maziwa. Nilimheshimu kwa kutonifokea. Nilidhani hilo tu ndilo deni la heshima nililokuwa nalo kwake.

Mwezi wangu wa mwisho kazini mliniambia nisafishe kabati la mafaili ya zamani. Humo nikakuta nakala ya ile barua, ya karatasi ya kaboni, imefifia. Ilikuwa fupi, ya kwenda kwa wafadhili, na nakala kwa wakubwa wetu wa kazi. Ilisema matokeo yaliyotumwa yasitumike, na ikaeleza ukuta. Kisha: "Kosa la kupanga vizimba ni langu peke yangu. Limegunduliwa na mhudumu wetu, Zaina, ambaye bila yeye tusingelijua. Naomba, likipunguzwa lolote hapa, asipunguzwe yeye."

Nilikaa sakafuni mbele ya kabati na kulia kama siku ile Mama Pauli alipobeba sufuria.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Kwai. Ilikuwa baridi, ukungu umekaa juu ya mashamba ya kabichi. Nilimkuta jikoni na mkewe, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mgongo umepinda lakini macho ni yale yale ya kuhesabu. Nikapiga goti nikamwamkia. Nikamtolea ile karatasi.

"Mbona uliandika kosa ni lako?" nikamuuliza. "Mimi ndiye niliyewapanga."

Aliisoma kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akanirudishia.

"Chumba kilikuwa mkononi mwa nani?" akasema. "Nilipita pale kila asubuhi mwaka mzima. Sikuwahi kuweka mkono ukutani."

Mkewe alikuwa amenivutia kiti cha mlangoni, kizuri, chenye mto. Bwana Singano akamtikisia kichwa. Akajikokota kusimama, akishika ukuta, akakisogeza kwangu kigoda chake mwenyewe, kile cha karibu na moto, na yeye akaenda kukaa kule mlangoni penye baridi.

"Kaa, mgeni," akasema. "Halafu uandike umekaa wapi."